Usifungue Mpaka Ubeti wa Mwisho

Juzi tulimzika Donya Chayo, na hata kabla hatujafika kwenye gari Mama Kevin alikuwa ameshanishika mkono wa koti. Mama Kevin ni mwenzangu wa kanisani kule Temple Hills, hapa Marekani, ndiye aliyenipa lifti, na ni mtu ambaye swali likimkaa kooni hawezi kulimeza. "Mama Kyalo," akasema, "wewe Mkamba wa Machakos na hawa Wameksiko, wapi na wapi? Umelia kuliko watoto wake wa kuzaa." Nikamwambia nimelia kwa sababu nina macho. "Na kuimba je? Umeimba Kihispania mbele ya padri, tena umewatangulia wote!" Nikamwambia nimeimba kwa sababu nina mdomo. Tulipoingia garini akafunga mkanda, akaanza tena. "Sawa. Lakini hodi? Mlango wa kanisa uko wazi, watu wanaingia, wewe umesimama nje unaita hodi, hodi, na wale vijana wote wanakungoja kama askofu. Hiyo ni dini gani?" Sikumjibu, kwa sababu jibu lake ni la mwaka mzima, na kutoka makaburini mpaka kwangu Lanham si mwendo wa kumaliza jibu kama hilo. Nimeona niliandike hapa, mahali ambapo Mama Kevin hawezi kunikatiza.

Sitaeleza nilikotoka wala ndege ilivyokuwa. Hayo kila aliyekuja huku ameshayaeleza, na yanafanana. Mimi nitaanzia mlangoni. Fleti ya mwanangu Kyalo ilikuwa ghorofa ya pili, na mlango wake ulikuwa wa chuma, wa rangi ya kahawia, una kufuli, una komeo, una mnyororo, na katikati una kijitundu cha kuchungulia kilichowekwa juu kuliko jicho langu. Nilikuwa nimekuja kumlea Mumbua, mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka saba, maana Kyalo alikuwa anaendesha kila siku mpaka Gaithersburg kwenye kazi yake ya kompyuta, na Ndinda mkewe ni nesi wa shifti. Asubuhi yangu ya kwanza, kabla hajanionyesha hata jinsi ya kuwasha jiko, Kyalo alinisimamisha pale mlangoni. "Mama, mtu akibisha, usifungue. Usijibu. Nyamaza kama hakuna mtu ndani." Nikamuuliza, "Na akiwa jirani?" Akasema, "Jirani atapiga simu kwanza." Alipoondoka nilikaa kwenye sofa nikiutazama ule mlango. Nilikuwa mzee tayari, nimezika mume, nimeozesha mabinti, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumnyamazia mtu aliyesimama mlangoni pangu. Kwetu mtu anatoa sauti, anasema hodi, na hata kama mligombana jana, mdomo unajibu karibu kabla moyo haujaulizwa. Sasa nikaambiwa nijifiche ndani ya nyumba ya mwanangu mwenyewe kama mwizi. Na si Kyalo peke yake. Mwaka ule watu wengi katika majengo yale walikuwa wameanza kuogopa mlango. Kulikuwa na habari za huyu kachukuliwa asubuhi na watu wa uhamiaji, yule hakurudi kutoka kazini, na ukipita kwenye ngazi ulisikia televisheni zikizimwa kwa sababu ya nyayo zako tu.

Siku za Jumatano baada ya shule Mumbua alikuwa anaenda kwenye ukumbi wa chini wa kanisa lililo nyuma yetu, na mimi nikimpeleka na kumngoja kwenye kiti cha plastiki. Chumba kile nakiona mpaka leo: dari la chini, bomba la hita linalogonga kama mtu anayetwanga, harufu ya kahawa ya Jumapili iliyochacha kwenye kapeti. Hapo ndipo Donya Chayo alikuwa anafundisha watoto nyimbo za kwao. Donya ni kama kusema Bi. Alikuwa mfupi kunishinda, nywele nyeupe zimesukwa misuko miwili kama msichana, na aproni hakuivua hata akienda benki. Watoto wenyewe nawakumbuka wote: Itzel, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wale wasiorudi kutoka kazini, Brayan, pacha Lupe na Lalo, Destiny, mtoto wa Wamarekani weusi wa jengo la pili, Emmanuel, Mkongo, na Mumbua wangu. Wimbo wa kwanza niliowasikia wakifundishwa ulikuwa wa kubembeleza mtoto. Walisimama mstari, mikono chini, wakaimba. Donya Chayo akapiga meza. Akawakalisha chini wote, akampa kila mmoja taulo lililokunjwa, na akapita akiwabonyeza mabega mpaka walipoanza kuyumba. Wimbo wa kulaza mtoto, akasema, hauimbwi umesimama kama askari. Anayeimba amechoka, miguu inamuuma, na mtoto ni mzito. Mpaka wajue uzito ule hawajaujua wimbo. Niliposikia hivyo nilisogeza kiti changu mbele.

Nilikuwa nasikiaje? Hapo ndipo palikuwa na kichekesho. Donya Chayo alisema Kihispania, Itzel akakigeuza Kiingereza, na Mumbua akakigeuza Kiswahili, na neno likanifikia limechoka kama mtu aliyebadilisha mabasi matatu. Mumbua kabla ya hapo alikuwa ananielewa lakini hanijibu ila kwa Kiingereza. Sasa alikuwa na kazi. Siku moja watoto walikuwa wanasoma maneno ya wimbo ukutani na yanawatoka yamevunjika, kwa sababu waliyasoma kwa ulimi wa Kiingereza. Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini Biblia naisoma, na nikayasoma yale maneno kama ninavyosoma Biblia, a ikiwa a, o ikiwa o, bila kujua hata moja maana yake. Donya Chayo akageuka taratibu. Akasema kitu, Itzel akasema kitu, na Mumbua akanitazama macho yamemtoka. "Susu," akasema, na hilo ndilo neno letu Wakamba la bibi, "anasema urudie. Anauliza umezaliwa wapi huko kwao." Nilirudia. Jumatano iliyofuata kiti changu cha plastiki kilikuwa mbele ya darasa, karibu na chake.

Bi Karen, aliyesimamia ukumbi, alikuwa mama mwema, mtu wa kuleta biskuti. Alikuja na boksi la kofia kubwa za majani na masharubu ya karatasi ya kubandika, watoto wavae siku ya tamasha la Desemba. Donya Chayo alimshukuru sana. Akalibeba boksi mpaka jikoni, akaweka vitunguu kwenye kofia, na masharubu hatukuyaona tena. Bi Karen alipouliza, akajibiwa kwamba kofia zinafanya kazi vizuri.

Nyumbani kwake ndipo nilipokaa zaidi mwaka ule. Jiko lake lilikuwa na dirisha moja linaloangalia barabara kubwa ya Beltway, na magari yalivuma pale mchana kutwa mpaka ukayasahau. Tulikunja tamali, unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda ya mahindi, unachemsha kwa mvuke. Aliponionyesha mahindi yake yaliyotolewa ngozi kwa chokaa nikacheka, kwa sababu sisi tuna muthokoi, mahindi yanayotwangwa mpaka ngozi itoke, na nikamwonyesha kwa ngumi jinsi ya kutwanga. Chapati zangu alizionja akasema ni nzuri lakini zimekula mafuta mengi. Nikamwambia zake za mahindi zimefunga kula. Tukagundua kwamba meza ni meza kwangu na kwake, na bendera nusura iwe bendera, na siku hiyo tulizunguka jiko zima tukigusa vitu, kijiko, sufuria, moto, kutafuta kingine, tukakosa. Akaanza kuniita komadre, jina la wanawake wawili waliounganishwa na mtoto, na mtoto wetu, alisema, ni darasa lote. Na wanawake wengine waliokuja kukunja tamali walikuwa wanasema kwa sauti ya chini kuhusu Lidia, mama yake Itzel. Kwamba tangu mume achukuliwe hajafungulia mtu mlango. Kwamba Donya Chayo anamchukua Itzel asubuhi na kumrudisha jioni, na mlango unafunguka upana wa mtoto tu, kisha mnyororo. Kwamba amepelekewa chakula kikakaa nje mpaka kikapoa. Lidia, walisema, ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote zamani.

Oktoba tukaanza wimbo mkubwa, wa posada, yaani pa kulala mgeni. Huo ndio uliokuwa kiini cha mwaka wote, na kilichogombewa ndani yake ni mlango. Huko kwao, siku za kungoja Krismasi, watu wanajigawa: nusu wanabaki nje barabarani wakiwa Yosefu na Mariamu, nusu wanakaa ndani wamefunga. Wa nje wanaimba wakiomba pa kulala. Wa ndani wanaimba wakiwakataa. Wa nje wanaomba tena, wa ndani wanakataa kwa ukali zaidi, ubeti kwa ubeti, na ni mwishoni kabisa ndipo wa ndani wanatambua ni nani wamemfungia nje, na mlango unafunguliwa kwa shangwe na chakula. Donya Chayo alitumia mlango wa stoo. Mimi akaniweka ndani, pamoja na Mumbua, Brayan na Destiny, kati ya ndoo na mafagio, mkono wangu kwenye kitasa. Nje sauti ya Itzel ikaanza, nyembamba, inaomba. Sikungoja. Mkono wangu ulikuwa umeshafungua na mdomo wangu umeshasema, "Karibuni! Karibuni, wanangu, ingieni ndani kuna baridi!"

Watoto walianguka chini kwa kicheko. "Susu ameharibu!" Emmanuel akapiga kelele. "Yosefu bado hajamaliza kuomba!" Donya Chayo hakucheka. Aliufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia maneno ambayo yalipitia kwa Itzel na kwa Mumbua na bado yakanifikia yana moto: ukifungua mapema, wa nje hajui maana ya kukataliwa, na wa ndani hajui kwamba ni yeye aliyekataa. Utakuwa umewaachia wimbo wa kukatia keki tu. Nikasema, "Mumbua, mwambie kwetu hodi haikataliwi." Neno likaenda, likarudi. "Anasema hata kwao haikataliwi, Susu. Ndiyo maana wimbo unauma." Tukarudia. Kila Jumatano nilishika kitasa kile huku Itzel akiniomba, na kila Jumatano mkono ulitaka kufungua, lakini nilijifunza kukataa kwa kuimba mpaka Brayan akasema naogopesha.

Novemba Bi Karen alituita ofisini. Wazazi wamesikia kwamba Desemba tutapita mlango kwa mlango, wamempigia simu, akasema, na yeye mwenyewe ana wasiwasi. Kupeleka watoto kubisha milangoni, mwaka kama huu? Wataimba jukwaani, ndani, na ule ubeti wa mwisho tu, wa furaha, unapendeza. Donya Chayo akauliza, "Na mlango?" Bi Karen akasema tunaweza kuchora mlango kwenye kadibodi. Itzel akatafsiri hilo. Kisha Donya Chayo akasema, polepole ili mtoto ashike kila neno, kwamba mlango wa kadibodi haujawahi kumkataa mtu. Bi Karen akakunja mikono. Basi hawezi kutupa ukumbi. Leo nikimfikiria simchukii. Aliogopea watoto, na hofu yake haikuwa ya uongo. Lakini niliona mabinti wale wawili, wangu na wa Lidia, wakitazama kapeti, nikasema kwa Kiingereza changu kibovu, bila kupitia kwa mtu, "Sisi tunaenda. Asante kwa kiti."

Tukahamia sebuleni kwa Kyalo. Alirudi kutoka kazini akakuta watoto saba kwenye sofa lake na Donya Chayo amesimama kwenye zulia na aproni yake. Alingoja wakaondoka. "Mama, hii vita si yako. Hizi si nyimbo zetu, hawa si watu wetu. Mimi karatasi zangu ziko sawa na nataka zibaki sawa. Nilikuomba kitu kimoja tu, huo mlango." Nikamwambia, "Karatasi ni zako, na nyumba ni yako, na ukitaka nitafundisha nje kwenye ngazi. Lakini usiniambie si nyimbo zetu. Mwanao amenisemesha Kiswahili mwaka huu kwa sababu ya nyimbo hizo. Wewe ulimsemesha lini?" Ndinda alikuwa jikoni amevaa sare ya kazi. Akasema bila kugeuka, "Kyalo, waache waje." Wakaja.

Lakini jambo la kubisha lilitukalia. Katika desturi ya wimbo ule watoto wanagonga mlango kwa ngumi kabla ya kuanza, na Donya Chayo aliposema tupitie majengo yetu, milango mingi ilikubali, mingine ikasema haiwezi kustahimili kugongwa. Lidia alikataa kabisa. Nilimwambia Donya Chayo, kwa njia yetu ya mabasi matatu: kwetu hatugongi. Tunatoa sauti. Anayekuja kwa ubaya anagonga. Anayetaka kujulikana anasema hodi, ili wa ndani ajue ni sauti ya nani. Alifikiri muda mrefu akikunja ncha ya aproni. Alikuwa mgumu huyu mama, hakuwahi kubadilisha hata silabi moja ya wimbo kwa ajili ya mtu. Mwishowe akasema, "Wimbo siugusi. Lakini kabla ya wimbo, komadre, sema neno lako."

Jioni yenyewe kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Watoto walivaa makoti yao, bila kofia za majani. Tulipita mlango wa kwanza, wa pili, watu wakatukataa vizuri kwa kuimba kama walivyofundishwa, na tulikuwa tunaelekea kwa Kyalo, ambako ndiko ulikopangwa mwisho, na tamali ziko jikoni. Itzel ndiye aliyekuwa mbele. Alipofika kwenye ngazi za kwao hakupita. Alipanda, sisi nyuma yake, na kabla mtu hajamshika alikuwa amesimama mbele ya mlango wa mama yake. "Hodi," akasema. Ndani taa ilikuwa inaonekana chini ya mlango, kisha ikazima. "Hodi!" wakaita wote. Kimya. "Hodi!" Kwetu ni mara tatu, na ya tatu isipojibiwa unaenda zako bila kinyongo. Nikageuka. Donya Chayo akanikamata kwa leso yangu. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria alichosema. Kwenu mnaondoka, kwetu hapa ndipo tunaanza.

Watoto wakaimba ubeti wa kwanza, wa kuomba. Ulipoisha, Mumbua na Brayan wakavuta pumzi ili wajibu kwa niaba ya walio ndani, kama tulivyozoea mazoezini. Donya Chayo akainua kiganja. Hapana. Jibu si letu. Tukasimama. Nilisikia pua ya Emmanuel, nilisikia Beltway kwa mbali. Mlango wa jirani ulifunguka kidogo ukafungwa. Nikafikiri, tumemtisha mama wa watu, Bi Karen alisema kweli, Kyalo alisema kweli. Ndipo nyuma ya chuma kile ikatoka sauti, kavu kwanza kama ya mtu aliyeamka, inaimba kwamba hapa si nyumba ya wageni, endeleeni na safari, mimi siwezi kufungua, huenda ninyi ni wahuni. Ni ubeti wa kukataa. Itzel aliruka juu akapiga makofi. Sijawahi kufukuzwa mlangoni nikafurahi namna ile. Tukaomba tena, tukafukuzwa tena, na kila ubeti Lidia alitufukuza kwa nguvu zaidi, sauti ikashuka ngazi mpaka chini, na milango ikaanza kufunguka kwenye korido, watu wamesimama na vijiko mikononi. Mumbua alinishika mkono, akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Susu, usifungue," ingawa sikuwa upande wa kufungua. Ubeti wa mwisho ulipofika tukasikia mnyororo, kisha komeo, kisha kufuli. Lidia alikuwa amevaa sweta ya mume wake. Hakuwa na chochote ndani ila maharage na chapati zao nyembamba, na tulikula hayo kwanza, tumesimama kuzunguka meza, wote pamoja na majirani, kisha Kyalo mwenyewe akaja amebeba sufuria la tamali kwa sababu amechoka kungoja. Lidia aliniuliza neno lile la mwanzo ni la lugha gani. Nikamwambia. Akalijaribu mdomoni mara kadhaa. Tangu jioni ile ndani ya majengo yetu posada inaanza kwa hodi, na kuna watoto wa Wameksiko waliotoka Michoacán wanaoamini ni Kihispania cha zamani.

Kwa hiyo ndiyo sababu niliita hodi juzi. Tulimfikisha Donya Chayo mlangoni, na huwezi kumwingiza mtu kama huyo mahali kimyakimya. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi, ndiyo. Tuliuomba hivyo hivyo, beti zote, na Itzel, ambaye sasa ni mrefu kuliko mimi, alisimama kwa ndani akatukataa kama mama yake. Padri alitazama saa. Atazame.

Mama Kevin alinifikisha nyumbani akakataa chai, kisha akanywa. Nikamweleza wimbo kwa ufupi, nikamwambia Bi Karen wa ukumbi amepiga simu, anatoa pole, na anasema ukumbi upo kama tutapunguza wimbo kidogo mwaka huu, maana mwalimu hayupo tena. "Ukamwambiaje?" Nikamwambia mwalimu yupo, na haupunguzwi. Nitakuwa nje na watoto sasa, mahali pa Donya Chayo. Ndani pamebaki wazi. "Nakutaka wewe, Mama Kevin. Una sauti. Kazi yako ni kukataa."

"Mimi? Nikatae wageni?" Aliweka kikombe chini. "Siwezi. Mtoto aseme hodi halafu mimi nimfukuze? Mkono utafungua wenyewe."

"Najua," nikasema. "Wimbo utauma. Utashika kitasa na utakaa hapo hapo ukiimba, na hutafungua mpaka ubeti wa mwisho. Haya, simama. Nenda nyuma ya mlango."